Mama asiambiwe? Namna ya kumpa mzee na familia yake majibu ya demensia

Mlango wa chumba cha daktari unafunguliwa, na anayetangulia kuingia si mgonjwa. Ni mtoto wake wa kiume, au binti aliyesafiri usiku kucha kutoka Dar es Salaam. Anainamia meza na kushusha sauti: "Dokta, kabla mama hajaingia. Majibu yakiwa mabaya naomba tuongee sisi watoto. Yeye asiambiwe." Nje foleni inafika hadi kwenye dirisha la dawa, na ombi lenyewe limetoka kwenye mapenzi. Daktari anaitikia kwa kichwa. Mama anaingia, anaambiwa "ni uzee tu, mama, utatumia hizi dawa," na wote wanarudi Machame au Tengeru wakiwa na siri ndani ya gari.

Mwaka 1996 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti mdogo wa Ireland ambao naona kila mhudumu wa afya angefaa kuujua. Watafiti waliwauliza ndugu 100 wa wagonjwa wa Alzheimer kama mgonjwa wao aambiwe anaumwa nini. Ndugu 83 walisema asiambiwe. Kisha wakaulizwa: je, ingekuwa wewe ndiye umeupata ugonjwa huu? Watu 71 kati ya hao 100 walisema wangetaka kuambiwa.

Nadhani hata hapa kwetu ukiwauliza ndugu kwa mtindo huo utapata kitu kinachokaribiana na hicho. Tunachokitaka kwa ajili yetu wenyewe tunashindwa kumpa mama. Lakini sidhani dawa yake ni daktari kuwapuuza ndugu na kumtamkia mzee jina la ugonjwa kama hakimu anayesoma hukumu. Tatizo ni kwamba swali la "aambiwe au asiambiwe" linaulizwa siku ya majibu, na linaulizwa watoto. Lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza kabisa, kabla ya kipimo chochote, na kuulizwa mama mwenyewe.

Ni ugonjwa gani hasa

Demensia ni jina la hali, kama homa ilivyo jina la hali. Homa inaweza kuletwa na malaria au nimonia, na demensia nayo ina vyanzo vyake. Kinachoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria unahusika na asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Protini zisizotakiwa zinajikusanya kwenye ubongo, seli zinakufa polepole, na mara nyingi sehemu inayohifadhi mambo mapya ndiyo inayotangulia kuumia. Ndiyo maana bibi anakusimulia bila kukosea mavuno ya kahawa ya miaka ya sabini, lakini hajui kama amekunywa chai asubuhi hii. Chanzo kingine kikubwa ni mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na kwa mkoa wa Kilimanjaro hilo si jambo dogo: wilayani Hai watafiti walikuta karibu asilimia 70 ya watu wenye miaka 70 na kuendelea wana presha ya juu.

Hai hiyohiyo ndiko kulikofanyika mojawapo ya tafiti za demensia zinazojulikana zaidi Afrika Mashariki. Watafiti walipita vijijini, nyumba kwa nyumba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wana demensia. Ni kama mzee mmoja katika kila kumi na sita. Wengi wao hawakuwa wamewahi kusikia jina la ugonjwa wao kutoka kwa mtu yeyote aliyevaa koti jeupe.

Lawama hii isiwekwe kwa wahudumu wa Kilimanjaro peke yao. Shirika la kimataifa la vyama vya Alzheimer lilipofanya utafiti wa dunia nzima mwaka 2019, karibu asilimia 62 ya watoa huduma za afya waliohojiwa waliamini kuwa demensia ni sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Mtu anayeamini hivyo hana majibu ya kumpa mgonjwa. Kusahau jina la jirani na kulikumbuka saa moja baadaye, huo ni uzee. Kupotea njia ukitoka kwenye kanisa ulilosali miaka arobaini, huo si uzee.

Kabla ya majibu, uhakika

Hakuna haja ya kujadili namna ya kumwambia mtu jambo ambalo hujalithibitisha. Kuna hali kadhaa zinazofanana na demensia na zinatibika: sonona, tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, upungufu wa vitamini B12, kaswende iliyofika kwenye ubongo, VVU, pombe, na damu iliyovilia juu ya ubongo baada ya mzee kuanguka bafuni au kwenye bodaboda wiki kadhaa nyuma. Halafu kuna dawa. Mzee anapewa amitriptyline, dawa ya maumivu ya neva, kwa ajili ya miguu inayowaka moto, anaongezewa piriton kwa mafua, na familia inashangaa kuona amechanganyikiwa. Na aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, atafutwe kwanza maambukizi, mara nyingi ya mkojo au ya mapafu. Kwa kawaida demensia haiji kwa siku mbili.

Masikio na macho pia. Mzee aliyezibwa masikio na nta, au mwenye mtoto wa jicho, anaweza kufeli kipimo chochote cha kumbukumbu.

Vipimo vyenyewe vilileta shida kwa miaka mingi, kwa sababu vilitungwa kwa ajili ya watu waliosoma. Vinamtaka mtu aandike sentensi, anakili mchoro, ahesabu kurudi nyuma kwa saba saba. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu anapata alama mbaya hata kama akili yake iko sawasawa. Kutokana na kazi ya Hai, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza walitengeneza kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, chenye vipengele sita, kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee anatajiwa maneno kumi na kuombwa ayakumbuke baadaye, anataja wanyama wengi kadiri awezavyo ndani ya dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano aliowekewa. Kipimo hiki kinamwambia mhudumu nani achunguzwe zaidi. Peke yake hakitoshi kumwambia mtu kuwa ana demensia, na afisa tabibu wa zahanati asije akafunga mjadala kwa alama za njiti.

Kuna jambo hapa ambalo miongozo inalipita haraka. Kipimo chenyewe tayari kinamwambia mgonjwa kitu. Mzee anapotaja mbuzi, ng'ombe, kuku, kisha akakwama huku saa inakwenda, anajua kwamba amekwama. Ukimpima mbele ya mkwe wake, umemvua heshima kabla hujamwambia neno. Mpime akiwa peke yake, au na mtu mmoja aliyemchagua, na mwisho wa kipimo mwambie: "Yapo uliyoyaweza, na yapo yaliyokushinda. Tutazungumza yote." Kumpigia makofi kwa uongo, "umefaulu vizuri sana bibi," ni kujiharibia siku ya majibu.

Swali la siku ya kwanza

Basi mazungumzo ya siku ya kwanza yanaweza kwenda hivi, watoto wakiwa wamekaa palepale wanasikia:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, wanao wanasema siku hizi unasahau. Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Nasahau kidogo. Si uzee?"

"Inawezekana ni uzee, inawezekana ni ugonjwa. Tutapima tujue. Majibu yakitoka, ungependa nikuambie wewe, au nimwambie mtu mwingine, au tukae wote pamoja?"

"Si kichwa changu? Niambie mimi. Na huyu binti awepo, maana nitasahau."

Jibu hilo linaandikwa kwenye faili, kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe. Tangu hapo mtoto akija mlangoni na ombi lake, daktari ana cha kumwonyesha. Hajitetei kwa vitabu vya Ulaya wala kwa haki za mgonjwa zilizobandikwa ukutani, anasema tu, "Mama mwenyewe alisema hivi, na wewe ulikuwepo." Mara nyingi mvutano unaishia hapo.

Wapo watakaojibu tofauti. Mzee wa Kimeru atasema, "Mwambieni mwanangu mkubwa, mimi nimeshazeeka." Huyo naye ametumia haki yake, na asilazimishwe kusikia asichotaka. Lakini aulizwe tena baadaye, kwa sababu watu hubadilika, na hata yeye anastahili kujua kitakachofuata: dawa gani, nani atakaa naye, kwa nini ameambiwa asiendeshe tena pikipiki.

Lugha inahesabika mno. Wazee wengi wa milimani walijifunza Kiswahili baada ya Kimachame, Kivunjo, Kirombo au Kimeru, na ubongo ukianza kuumwa, lugha iliyokuja baadaye ndiyo mara nyingi inayolegea kwanza. Ukiona bibi anajibu Kiswahili cha "ndiyo, ndiyo", usidhani ameelewa. Na hapa ndipo makosa makubwa yanapofanyika: mtoto anageuzwa mkalimani. Daktari anasema sentensi tatu kuhusu ugonjwa wa ubongo, mtoto anazigeuza kuwa sentensi moja fupi ya Kichagga, bibi anatabasamu, na daktari anaandika kuwa mgonjwa ameelezwa. Mtafute muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua lugha ya mzee. Hospitali za Moshi na Arusha hazikosi watu hao. Tatizo ni kwamba hawaitwi.

Siku yenyewe

Madaktari wa saratani wa Marekani na Canada walichapisha mwaka 2000 mwongozo wa hatua sita wa kutoa habari mbaya, na umefundishwa vyuoni karibu duniani kote. Kwa ufupi: andaa mahali, jua mgonjwa anajua nini, jua anataka kujua kiasi gani, toa habari, pokea hisia, panga kinachofuata. Ni mwongozo mzuri. Ila uliandikwa kwa ajili ya saratani, ambapo anayeambiwa ana akili yake yote ya kupokea. Kwenye demensia, kiungo kinachopokea habari ndicho kinachoumwa. Kwa hiyo kila hatua inahitaji kupunguzwa mwendo na kurudiwa.

Asubuhi ni bora kuliko alasiri, maana wagonjwa wengi huchoka na kuvurugika jioni inapokaribia. Simu zizimwe, ya daktari ikiwemo. Kiti cha mzee kiangaliane na cha daktari, watoto wakae pembeni, si mbele. Miwani ivaliwe. Daktari asikae huku mwanga wa dirisha ukiwa nyuma yake, kwa sababu mzee hataona midomo yake. Na anayeongeleshwa ni mzee. Hakuna kinachoumiza kama kusikia watu wawili wakikujadili juu ya kichwa chako: "Anakula? Analala? Anajikojolea?" Yupo hapo, muulize yeye, kisha wengine wajazie.

Halafu sentensi fupi.

"Mama, siku ile tulipima kumbukumbu, tukachukua damu, ukapigwa picha ya kichwa. Majibu yametoka. Niyaseme?"

"Yaseme."

"Una ugonjwa kwenye ubongo. Unaitwa Alzheimer. Huo ndio unaokusahaulisha."

Hapo mhudumu anyamaze. Ni rahisi kuandika, ni vigumu kutenda. Ukimya wa sekunde chache unamtisha kijana aliyemaliza chuo mwaka jana, na anaanza kuujaza na protini, mishipa, takwimu za dunia. Mzee anapotea, watoto wanapotea, na neno lililokuwa muhimu linazama. Anayepaswa kuvunja ukimya ni mgonjwa, na mara nyingi anauvunja kwa swali ambalo halimo kwenye mwongozo wowote:

"Kwa hiyo ni kichaa?"

"Hapana mama. Si kichaa. Ni ugonjwa wa mwili, umekaa kwenye ubongo, kama ambavyo mwingine anaumwa figo. Hukuutafuta, wala hakuna aliyekutupia."

"Unapona?"

"Hauponi. Unakwenda polepole, kwa miaka. Mengi utaendelea kuyafanya mwenyewe. Yatakayokushinda tutasaidiana."

Angalia kuwa hakuna "usijali" hapo, wala "kila kitu kitakuwa sawa". Hakuna pia "hakuna la kufanya," maneno ambayo bado yanasikika kwenye vyumba vya madaktari, na ambayo si ya kweli. Siku hiyo ya kwanza panatosha mambo matatu: jina la ugonjwa, kwamba hauponi lakini unatunzwa, na tarehe ya kurudi ndani ya wiki chache. Mengine yote yasubiri.

Je, kuambiwa hakumvunji mtu moyo? Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Lakini watafiti wa Marekani waliowapima watu kabla na baada ya kuambiwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, hawakuona sonona ikiongezeka. Wasiwasi ulielekea kupungua, kwa wagonjwa na kwa ndugu zao. Ukiwasikiliza wagonjwa unaona kwa nini. Mama amekuwa akihisi muda mrefu kuwa kuna kitu hakiko sawa. Amekuwa akificha, akicheka pale asipoelewa, akiacha kwenda kwenye jumuiya asije akaaibika. Kichwani mwake ameshajipa maelezo yake, na karibu yote ni mabaya kuliko ukweli: ninarukwa na akili, nimerogwa, Mungu ananiadhibu.

Lipo kundi ambalo naona daktari anapaswa kwenda nalo kwa tahadhari. Mgonjwa mwenye sonona kali, au aliyewahi kujaribu kujiua, atibiwe sonona kwanza na habari zitolewe taratibu, ikiwezekana na daktari wa magonjwa ya akili akiwepo.

Watoto, na wanachokiogopa

Mtoto anaposema "asiambiwe," swali zuri la kumrudishia ni, "Unaogopa nini hasa akijua?" Mmoja atasema mama atakata tamaa. Mwingine anaogopa jina la familia kanisani. Mwingine, ukimpa muda, atasema anaogopa kwamba yeye mwenyewe ataupata. Huyu wa mwisho ana haki ya jibu la moja kwa moja: Alzheimer inayorithiwa waziwazi kutoka kwa mzazi ni nadra sana na huwapata watu wakiwa bado vijana kiasi. Kwa wengi, kuwa na mzazi mgonjwa kunaongeza hatari kidogo tu, na presha, sukari, uvutaji sigara na usikivu hafifu ni mambo yanayoweza kushughulikiwa mapema.

Kisha daktari aseme msimamo wake bila kuuzungusha: "Sitamlazimisha kusikia asichotaka. Ila akiniuliza, sitamdanganya."

Na awaeleze gharama ya siri. Binti anaficha funguo na pochi kwa nia njema, bila kueleza. Mama anatafuta hela zake, hazipo. Ugonjwa huu unapenda sana kuleta dhana ya kuibiwa, na sasa dhana imepata ushahidi. Anayetuhumiwa ni yule yule anayemwogesha. Nyumba ngapi zimevunjika kwa namna hiyo, huku watoto walioko mbali wakiamini mama kwamba dada yao anamla hela!

Huyo dada, au mkamwana, au msichana wa kazi, mara nyingi hayumo chumbani siku ya majibu. Wamekuja wanaolipa nauli na bili. Anayelala chumba kimoja na mgonjwa na kuamka naye saa nane usiku amebaki nyumbani kulisha ng'ombe. Mhudumu aulize, "Nani anashinda naye?" na huyo ndiye aje safari ijayo.

Mambo ya uchawi na laana yatajitokeza, na kuyakejeli hakusaidii. Watafiti waliofanya mahojiano Hai walikuta wengi wanaliona tatizo kama uzee, na wapo waliolihusisha na laana au kurogwa. Familia nyingine itataka kwanza kupatana, kupeleka sale, jani la kuombea msamaha Uchaggani, kwa ndugu waliyekosana naye. Sioni ubaya wa kupatana. Nyingine itakwenda kwenye maombi, na kanda hii haijasahau mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya kilomita na kilomita kuelekea Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha dawa cha shilingi 500. Daktari aulize kwa utulivu wamekwenda wapi kwingine na wamepewa nini cha kunywa, ajue kama kuna kitakachogongana na dawa za presha. Anachopaswa kukikatalia wazi ni kitu kimoja: kumnyooshea mtu kidole. Katika nchi ambayo vikongwe wamewahi kuuawa kwa kushukiwa uchawi, hasa kanda ya Ziwa, bibi anayezunguka usiku na kuongea peke yake yuko hatarini, na barua ya daktari inayosema "huu ni ugonjwa" inaweza kusomwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Kuhusu kundi la WhatsApp la ukoo: picha ya majibu isirushwe humo bila mgonjwa kukubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria hiyo, ugonjwa ni wa mama.

Cha kufanya baada ya hapo

Miadi ya pili ndiyo yenye kazi. Hapo ndipo unapogundua kwamba mama amesahau alichoambiwa, au anakumbuka kwamba "dokta alisema kitu kibaya" bila kujua ni nini. Anaelezwa tena, kwa maneno yaleyale. Familia huuliza kama wawe wanamkumbusha kila siku. Hapana. Akiuliza, ajibiwe ukweli kwa ufupi. Asipouliza, aachwe anywe chai yake. Na yule anayekataa kabisa kuwa ana tatizo mara nyingi hafanyi ubishi: ubongo wenyewe umepoteza uwezo wa kuona kasoro yake. Usishindane naye. Rudi kwenye kile anachokikubali, "ulisema usingizi unakusumbua," na uanzie hapo.

Dawa zipo, donepezil ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi. Zinasaidia baadhi ya watu kwa kiasi, kwa muda, na haziponyi. Zile sindano mpya za Alzheimer zilizoidhinishwa Marekani miaka ya karibuni zinahitaji vipimo na ufuatiliaji ambao familia nyingi za hapa hazitaufikia leo. Ni vizuri daktari aseme hivyo kabla familia haijauza ng'ombe. Kudhibiti presha na sukari kunawezekana hapahapa. Pia yapo mazoezi ya akili ya kikundi, vipindi 14, kwa kawaida viwili kwa wiki, ambavyo watafiti walivirekebisha kwa mazingira ya Hai na vikaonyesha nafuu kwenye uwezo wa kufikiri. Si dawa ya ajabu, ila ni kitu cha kufanya, na familia iliyopewa kitu cha kufanya husikia majibu kwa namna tofauti na iliyoambiwa iende tu nyumbani.

Nyumbani kuna mambo ya kawaida kabisa: karatasi yenye namba ya simu ya ndugu ndani ya mfuko wa kila gauni, moto wa kuni usiachwe bila mtu, mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita nyuma ya nyumba uwekewe uzio. Namba ya siri ya M-Pesa ibadilishwe na mtu mmoja aliyekubalika na wote, kwa sababu matapeli wa "tuma kwenye namba hii" wanawapenda wazee wanaosahau.

Halafu kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo. Sababu kubwa ya kumwambia mzee mapema, kuliko zote za huruma, ni kwamba leo bado anaweza kuamua. Wosia unamtaka mwenye kuutoa awe na akili timamu, na mashahidi. Mzee aliye katika hatua za mwanzo anaweza kabisa kusema nani abaki kwenye nyumba, mpaka uko wapi, deni la nani halijalipwa, azikwe wapi. Daktari akimwona kuwa bado anaelewa anachoamua, aandike hivyo na tarehe, maana karatasi hiyo itatafutwa sana baadaye. Akifichwa kwa miaka mitatu "asije akaumia," dirisha hilo linajifunga, na ndugu wanakutana kwenye baraza la ardhi.

Kwa wahudumu wa Moshi nina ombi moja la kiratiba. Watoto wengi huona mabadiliko ya wazazi wao Desemba, wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, na Januari kliniki zinajaa watu wanaotaka majibu kabla ya basi la Jumapili. Vipimo vya mzee aliyekwisha kuonwa Oktoba au Novemba vikamilishwe mapema, na kikao cha majibu kiwekwe kati ya tarehe 27 na 30 Desemba, watoto wote wakiwa bado mlimani. Kitachukua saa nzima. Aje na yule anayeshinda naye.